Meno ya Babu Kabla ya Alasiri

Juzi nilimwona mzee mwenzangu akipiga mswaki meno yake ya bandia juu ya bakuli la maji, nikamkumbuka babu yangu kule Temeke.

Kila siku, kabla ya kutawadha kwa sala ya alasiri, Babu aliketi uani mbele ya beseni la maji, akilipa mgongo jiko la Bibi. Aliyatoa meno aliyotengenezewa na daktari wa Kihindi mjini, akayasugua taratibu kwa brashi na sabuni, juu ya maji ili yakiponyoka yasivunjike. Harufu ya sabuni ilichanganyika na moshi wa kuni za Bibi. Mimi niliamini kwamba kutoa meno ni sehemu ya udhu.

Kwa hiyo siku ambayo Babu alisema atanipeleka msikitini kwa mara ya kwanza, niliinama penye beseni nikavuta meno yangu mpaka machozi yakanitoka.

"Unalia nini, bwana?"

"Hayatoki, Babu. Sala yangu haitakubaliwa."

"Mwache avute," Bibi alisema kutoka jikoni. "Kesho namkorogea uji mwepesi!"

Babu alicheka, mashavu yamemwingia ndani. "Yangu nimepewa na daktari, yako umepewa na Mwenyezi Mungu. Yote ni amana. Ya kwako yaoshe hapohapo yalipo."

Akanichongea kijiti cha mswaki. Sasa najua jinsi alivyoona haya kuonekana bila meno, hata mbele ya Bibi. Lakini alasiri ile alikaa nami hivyohivyo, akinisubiri nimalize, ndipo akayarudisha yake, tukatoka pamoja.