Kazi ya Mbele na Kazi ya Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya shule, maana sikuwa na vingine, na nilichelewa, maana sababu nilikuwa nazo nyingi. Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka wa tisini na tatu, nikiwa kidato cha pili. Leo niko cha nne na ninastaafu. Nawaandikia nyinyi wadogo mtakaorithi ufagio wangu.

Karakana ilikuwa mtaani Galbet, chumba cha mabati cha Habaryar Habiba, mdogo wake mama, yaani habaryar kwa Kisomali, ambaye hapa nitamwita Mkurugenzi.

"Naa, umekuja kufanya kazi au kuangalia mashine?" aliniuliza.

"Kuangalia kwanza, Habaryar. Kazi haikimbii."

"Utakimbia wewe. Shika ufagio."

Mashine yenyewe alikuwa ameinunua kuukuu Nairobi, ikaja juu ya lori la vitunguu. Ilikuwa ya kushonea mifarishi: vitambaa viwili, pamba katikati, na mshono juu yake ili pamba isikimbilie miguuni. Mkono wake mrefu uliteleza kwenye reli, na mfarishi ulikunjwa kwenye miti miwili kama mkeka. Msimamizi wa Ufundi, Fundi Mutua kutoka Machakos, alinifundisha kuwa kazi ni mbili. Ukisimama nyuma, unatandaza karatasi yenye mchoro na kuufuata kwa kijiti cha chuma. Huku kijiti kikitembea, kule sindano inashona mchoro uleule. Ukisimama mbele, huna karatasi. Unashika vishikio viwili na kuchora kwa sindano chochote kilichomo kichwani.

"Na kama kichwani hamna kitu?" nikauliza.

"Basi wewe utaanza nyuma," akasema Fundi Mutua.

Nikafuata mawimbi ya karatasi likizo tatu nzima, kama mchungaji wa mbuzi mmoja, ndipo aliponiruhusu kupita mbele. Huko nilikaa kabisa.

Shida ilikuwa bei. Kwenye ubao, kazi ya nyuma iliandikwa kwa rangi: mia tatu. Ya mbele iliandikwa kwa chaki: mia saba. Kwa chaki, kwa sababu hakuna aliyewahi kuilipa. Kila mteja aliipenda, akaisifu, kisha akaishusha mpaka ikalala na ile mia tatu.

"Ya nyuma ni nusu siku," Mkurugenzi alisema. "Ya mbele siku mbili, na uzi mara tatu. Likizo hii ikiisha bila mtu kulipa mia saba, nafuta. Wote mtarudi nyuma."

Aliposema wote aliniangalia mimi.

Wiki hiyo akaja mzee mfugaji kutoka Sangailu. Binti yake alikuwa anaolewa Ijumaa, akataka mfarishi wa kazi ya mbele. Bei, alisema, tutaongea akiuona. Nikashona majani kama ya hina ya mikononi, na katikati na kwenye pembe zote nne nikaweka alama niliyoiona shingoni mwa ngamia pale soko la mifugo: duara na mistari miwili. Ilinipendeza sana.

Jumatano mzee akaja, akautandaza, akaweka kidole kwenye duara la katikati.

"Nani ameshona hii?"

Fundi Mutua, mtu muungwana, akaanza kukagua dari.

"Mimi, adeer," nikasema, kama tunavyowaita wazee.

"Baba yako ana ngamia?"

"Ana redio."

"Ndiyo maana. Hii ni chapa ya ngamia wa jirani yangu. Tumegombania kisima miaka mitano. Sasa binti yangu alale chini ya chapa yake? Wageni watasema amechukua kisima na msichana."

Mkurugenzi akakaa kwenye gunia la pamba. "Mutua, pitisha mawimbi juu yake."

"Mawimbi yatapita, mama, na chapa itaonekana chini yake. Karatasi haijui chapa iko wapi."

Utani ukaniishia mdomoni. Nikamwomba mzee anichoree chapa yake. Akachukua kijiti, akaichora mchangani mlangoni: ndoana, na nukta mbili pembeni. Nikafumua nyuzi mchana kutwa hadi vidole vikavimba. Alhamisi nikasimama mbele ya mashine, mzee nyuma ya bega langu.

"Mkia juu kidogo," alisema. "Hapo. Sasa huyo ni wangu."

Mara tano, katikati na kwenye pembe nne.

Akautazama mfarishi, akautazama ubao. Mkurugenzi alishafungua mdomo kupunguza, kwa mazoea tu. Mzee akahesabu mia saba na kumwekea mkononi.

"Mawimbi kila nyumba inayo," alisema.

Baada ya harusi wageni walianza kuja, mmoja hata kutoka Lafey kule mbali, kila mtu na chapa yake. Tukaweka daftari: mwenyewe anachora kwanza, jina lake chini, ndipo sindano iguse kitambaa. Msiliruke daftari hilo, hata mteja akiwa na haraka.

Nastaafu nina miaka kumi na saba, mgongo mzima, kwa sababu ya mtihani. Jana nilienda kuaga nikamkuta Mkurugenzi juu ya stuli, kopo la rangi mkononi, anaipaka ile mia saba juu ya chaki.

"Habaryar, hiyo saba imepinda."

Hakugeuka. "Ni kazi ya mkono," akasema. "Niongeze hamsini?"