Nilimtangaza Mpiga Drams Wetu Kuwa Mlevi kwa Sababu Nilitaka Kuonekana

Kosa ni langu. Nalitaja mwanzoni kabisa ili usifike katikati ukaanza kunihurumia. Nimemharibia mtu jina, tena mtu aliyenifundisha kazi, kwa sababu nilitaka watu wanione. Basi! Hakuna sababu nyingine ya maana.

Naandika nimesimama. Mtoto yuko mgongoni, ana miezi tisa, nikikaa analia, na mimi mwenyewe nikikaa naona kiti kinanichoma. Hii ni wiki ya sita siwezi kutulia. Nafua nguo zilizo safi. Naenda sokoni narudi bila nilichofuata. Mume wangu ameshachoka kuniuliza nina nini.

Mimi ni mpiga gitaa la besi. Ndiyo, mwanamke! Nilianza kwenye kwaya kwetu Ihanda nikiwa kidato cha pili, na sasa niko Tunduma, au nilikuwa, kwenye bendi inayopiga harusi, sendoff na kipaimara. Harusi za huku unazijua. Bwana harusi wa Tunduma, bibi harusi wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, wajomba wanataka nyimbo za Kibemba, mashangazi wanataka za Kinyiha, na bendi iwaridhishe wote kabla chakula hakijapoa.

Mpiga drams wetu nitamwita Kaka Ambokile. Jina nimelibadilisha, ingawa waliokuwepo siku ile watamjua tu. Ni mtu wa Ileje, kule Ikinga, anaishi Mlowo na mke wake. Kabla ya muziki aliendesha mashine ya kukoboa na kusaga mahindi miaka kumi na miwili. Ndiye aliyenifundisha kwamba besi si gitaa la kujionyesha. Alikuwa ananiambia, "Mdogo wangu, mimi mguu, wewe mkono. Tukiachana, mtu anaanguka."

Lakini alikuwa na sheria moja iliyonikera. Kila tukipanga vyombo, kabla hajagusa hata kijiti, ananionyesha pa kusimama. Kushoto kwake, pembeni ya haiheti, zile sahani mbili zinazobanana akikanyaga. Spika yangu ya besi lazima ikae imegusana na kiti chake. Halafu ananigeuza mabega kama fundi cherehani anayempima mteja: "Hapo. Geuka kidogo. Nataka kuona vidole vyako."

Nilidhani ananibana. Nilidhani ni ule ubabe wa wanaume wa bendi, mwanamke akae nyuma. Miaka mitatu nimesimama pale na sikuwahi kumuuliza kwa nini. Mbona sikuuliza? Mdomo ninao!

Sasa nikajifungua, nikakaa nyumbani miezi minne, nikarudi kazini. Hapo ndipo wifi yangu akaniingia. Tulikuwa kwa mama mkwe, tunakunywa chai, yeye ameshika simu anaangalia video ya harusi tuliyopiga.

"Wifi, hivi kwenye bendi wewe unafanya nini hasa? Maana huku naona kiwiko tu."

"Napiga besi."

"Besi ndiyo hii inayounguruma? Mimi nilidhani jenereta!"

Mama mkwe alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Wifi akaona amepata soko, akaendelea. "Kwa hiyo unamwacha mtoto anayenyonya ili ukawe jenereta la watu?"

Nilivimba, jamani. Nilitabasamu kwa nje, lakini ndani nilikuwa natokota. Na harusi iliyofuata ilikuwa ya ukoo wao wenyewe, Vwawa, na wifi alikuwa mwanakamati. Nikaapa kwamba siku hiyo wataniona mpaka macho yawaume!

Siku ilipofika, Jumamosi mchana, tulikuta jukwaa limejengwa vizuri chini ya turubai. Kaka Ambo akaweka drams zake, akapiga kiganja sakafuni, pale pale kushoto kwake. "Mdogo wangu, njoo."

Nikamwambia leo nasimama mbele.

Akanitazama mdomo, akatazama kule mbele, akarudi kunitazama. "Ukienda kule, mimi nabaki na nani?"

"Utabaki na drams zako, kaka."

Watu wa bendi wakacheka. Kiongozi wetu, nitamwita Elia, anapiga kinanda na kuimba, akaona ni wazo zuri. "Muache bwana, mwanamke akipiga besi mbele watu watapiga video. Mpeni na maiki aitikie."

Kaka Ambo hakubishana. Alisema kitu kimoja tu, kwa sauti ndogo. "Basi spika yako iache hapa."

Niliichukua. Nilisema bila spika sitajisikia, na ilikuwa kweli, lakini pia nilikuwa na hasira kwamba bado ananipangia. Nikaiburuta mwenyewe mpaka mbele, nikampa mgongo.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa taratibu, ukapita. Wifi yuko meza ya kamati, ameinua simu. Nikatingisha bega kidogo. Yaani nauza sura waziwazi!

Halafu ukaja wimbo wa kuingia maharusi. Ule ni wa haraka, na wapambe wamefanya mazoezi wiki tatu: hatua mbili kulia, moja kushoto, geuka. Tulipofika kibwagizo cha kwanza nikasikia mguu wa drams unachelewa. Nikaongeza kasi nimvute. Akachelewa zaidi, kisha akarukia mbele, kisha akawa kama anapiga wimbo mwingine kabisa. Elia akawa ananifuata mimi, mpiga gitaa anamfuata Kaka Ambo. Wapambe wa kike wakaenda kulia, wa kiume wakaenda kushoto, wawili wakagongana vichwa. Bibi harusi akasimama katikati ya zulia, shela imemfunika, hajui aende au arudi.

Mshereheshaji akadakia, "Maharusi tulieni kidogo, bendi inasuluhishwa!" Watu kicheko.

Ningegeuka tu. Ningegeuka nikarudi hatua sita, nikasimama pale nilipozoea, wimbo ungekaa sawa. Nimehesabu kichwani mara nyingi, ni hatua sita!

Niligeuka, ndiyo. Lakini kwa mdomo. Na maiki iko mbele yangu, imewashwa.

"Kaka Ambo, umelewa?"

Turubai zima lilipasuka kwa kicheko. Watoto wakarudia, "Kaka Ambo, umelewa?" Mashangazi wa Nakonde wakanipigia vigelegele, wananiita bamayo, kwamba mama huyu anajua kusema na wanaume. Wifi yangu akasimama na simu yake, anacheka, ananielekeza dole gumba.

Kaka Ambo alikuwa bado anapiga. Hakujua nimesema nini. Aliona watu wanacheka wanamtazama, akamtazama Elia, akanitazama mimi. Mpiga gitaa ndiye aliyemwinamia akamweleza usoni. Hapo akaacha. Akaweka vijiti juu ya ngoma, akavipanga viwe sawa, akashuka kwa ngazi ya nyuma. Mtu asiyekunywa hata togwa iliyolala ikachacha!

Elia akawasha mdundo wa kwenye kinanda, tukamaliza harusi hivyo hivyo. Nilipigiwa makofi. Nilipigwa picha. Wifi alinikumbatia, na nikala ubwabwa wangu na nikashiba. Naandika hili ili ujue mimi ni mtu wa namna gani.

Jumatatu Elia akanipigia. "Ambokile namtoa. Siku hizi haeleweki, hata ulipokuwa nyumbani na mtoto alikuwa anapotea. Wewe umekaa naye karibu, unaonaje?"

Nikasema, "Amechoka yule." Maneno mawili. Ningeweza kusema mengine yoyote.

Wiki mbili zikapita, ndipo nikaenda Mlowo kumpelekea vijiti na funguo za kukazia ngoma alizoziacha. Nilimkuta uani amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, anachambua maharage. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga hodi kwa nguvu. Kimya! Nikasema moyoni, ana kiburi, ananinunia. Mke wake, Mama Subira, akatoka jikoni.

"Usimpigie kelele," akaniambia. "Zunguka mbele, akuone."

"Kwani vipi?"

Akanitazama kama mtu anayetazama mjinga. "Ina maana wewe kweli hujui? Sikio la kushoto lilikufa kwenye mashine zamani. La kulia limebaki nusu, na hiyo nusu inapungua. Miaka mitatu mume wangu anapiga kwa kutazama vidole vyako, na kwa hiyo spika inayomtetemesha kiti. Akirudi kazini ananiambia, yule binti ndiye masikio yangu."

Nilishika nguzo ya kibanda cha jiko.

Nikazunguka mbele. Alipoinua uso akatabasamu kwa mazoea, halafu akakumbuka, tabasamu likaondoka. Nikaanza kuomba msamaha, nalia, naropoka. Akainua mkono.

"Polepole. Nitazame ndiyo useme."

Nikasema polepole. Kuomba msamaha polepole, neno moja moja, huku mtu anakutazama mdomo, hujawahi kuona adhabu kama hiyo.

"Kwa nini hukuniambia, kaka?"

"Ningekuambia, siku moja ungemwambia Elia. Elia angesema nini? Mpiga drams asiyesikia!" Akarudisha macho kwenye maharage, kisha akanitazama tena. "Ulipohama sikukasirika. Kijana akitaka kuonekana, aonekane. Sikukueleza, hilo ni langu. Lakini umesimama pembeni yangu miaka mitatu. Umewahi kunisikia nanuka pombe?"

Nikaweka vijiti vyake na funguo kando ya maharage.

Nilipokuwa natoka, Mama Subira akanisindikiza mpaka barabarani, na hakunisindikiza kwa upendo. Akaniambia vijana wa bodaboda pale kijiweni wana jina jipya la mume wake: Umelewa. Akipita wanaita, "Umelewa! Shikamoo Umelewa!" Video ya wifi yangu imezunguka simu za watu wote. Kanisani alikuwa anafundisha watoto drams kila Jumapili mchana. Wazee wamemwambia apumzike kwanza, ajirekebishe.

"Yeye hao vijana hawasikii," akasema. "Nawasikia mimi."

Nilirudi Tunduma nimewaka kama moto wa mabua. Nilianza na wifi, nikamwambia futa ile video. "Nimeshafuta zamani," akanijibu, "lakini wifi, siku ile uliwaka kweli!" Nilitamani kumzaba. Nikaenda kwa Elia, nikamweleza yote, nikijua namtolea mtu siri yake, lakini niliona hakuna njia. Elia akasikiliza huku anachezea simu. "Nimeshapata kijana," akasema. "Na kama hasikii, ndiyo kabisa. Nimpeleke wapi?" Nikaenda mpaka kwa wazee wa kanisa kule Mlowo. Mmoja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, tunajua mlikuwa bendi moja, lazima umtetee. Lakini si wewe mwenyewe uliyesema?"

Ni mimi mwenyewe niliyesema!

Nilipiga harusi mbili na yule kijana mpya. Nikaenda kusimama kushoto kwake, pembeni ya haiheti, nikaweka spika karibu na kiti. Akanishangaa. "Dada, mbona unanibana? Sogea, mimi napiga na mashine ya kuhesabu mdundo, iko masikioni." Hanitazami kabisa. Nikimwangalia mguu, yeye anaangalia wasichana. Baada ya harusi ya pili nikamrudishia Elia waya zake na nikamwambia asinipigie tena.

Sasa wewe unayejifunza besi, kwenye kwaya au bendi, nisikilize mimi niliyeungua. Simama karibu na mpiga drams, upande wa haiheti, mahali unapoona mguu wake na yeye anaona mkono wako. Spika yako aisikie mwilini. Ukisimama mbali sauti inakufikia imechelewa, na kila mmoja anaona mwenzake ndiye anayekosea. Atakayekuambia umefichwa, muache aseme. Akikuita jenereta, cheka, kapige kazi! Na kama kuna sheria inakuudhi, muulize aliyeiweka. Muulize mkiwa wawili, kabla hamjapanda jukwaani. Kwenye maiki usimuulize mtu chochote. Lile swali nililouliza lilichukua sekunde mbili, na mimi mwenyewe, kwa mdomo huu huu, nimeshindwa kulifuta.

Kabla sijaandika haya nilirudi Mlowo kumwomba ruhusa, maana nikisema hakulewa ni lazima niseme kilichotokea. Nilidhani atakataa. Alifikiri, akafuta mikono kwenye suruali.

"Andika," akasema. "Waseme kiziwi. Kiziwi ni kweli."

Basi ninyi wa Vwawa, ninyi wa kijiwe cha Mlowo, na ninyi wazee wa kanisa, someni hapa mara mbili. Yule mtu hakulewa. Aliinua kichwa katikati ya wimbo akanitafuta mimi, na mimi nilikuwa nimempa mgongo, natabasamia simu.