Fundi baiskeli na kengele ya kondoo wa Zoseppe

Jua bado halijauvuka mlima, na Gonario Puxeddu amepiga magoti mbele ya karakana yake, anafunga kengele kwenye usukani wa baiskeli. Si ile ya kubonyeza kwa kidole gumba. Ni kengele ya kondoo hasa, ya bati lililofuliwa kwa nyundo. Anaitikisa, anaitegea sikio, kisha anakunja uso.

"Hii inalia kama sufuria," anasema. "Haya, sufuria nayo ina kelele zake. Itatufaa."

Wageni sita wenye kofia ngumu wanacheka. Wamekuja kuendesha baiskeli za matairi mapana kwenye njia ya changarawe inayozunguka bwawa la Gurtei, huku juu milimani Sardinia, kisiwa cha Italia. Njia hiyo haina magari. Ina mialoni upande mmoja, maji upande wa pili, na kinachosikika ni matairi kusaga kokoto tu.

Ukimya huo ndio unaowaleta wageni. Ukimya huohuo ndio uliokaribia kumnyang'anya Gonario ugali wake, au tuseme mkate wake, maana huku ni mkate.

Gonario ana miaka arobaini na saba. Amezaliwa katika nyumba hii hii, na karakana anayotengenezea baiskeli ilikuwa kiwanda cha uhunzi cha baba yake, marehemu Bainzu. Fuawe bado ipo pembeni. Mvukuto umening'inia ukutani, ngozi yake imepasuka, na Gonario hautupi hata umwambie nini.

Bainzu alikuwa akitengeneza kengele za kondoo. Wachungaji wa mlima mzima walimjia, na kila kundi alilitengenezea sauti yake, ili usiku wa ukungu mtu aitambue mali yake bila kuiona.

"Mimi nilikuwa nakaa pale kwenye gogo, napuliza moto," Gonario anakumbuka, akionyesha kona ambayo sasa imejaa matairi. "Baba anagonga, anasikiliza, anagonga tena. Halafu ananiuliza, 'Hii ya nani?' Namwambia ya Fulani. Ananiangalia weee! 'Masikio yako ya kuazima,' anasema. Basi nikakimbilia baiskeli. Baiskeli haikuulizi mambo ya sauti."

Anacheka, lakini mkono wake umeukamata ule mvukuto.

Wachungaji walipungua, wengine wakavuka bahari kwenda kutafuta kazi bara. Kaka yake Gonario alikwenda kiwandani na hakurudi. Yeye alibaki akiziba pancha za baiskeli za watoto na kutengeneza mashine za kukata nyasi, mpaka miaka sita iliyopita, wageni wa changarawe walipoanza kuja. Mwezi mzuri humwachia kama yuro elfu moja na mia mbili. Mwezi wa mvua humwachia matope.

Njia yote ya kuzunguka bwawa ni ya umma, isipokuwa kipande kimoja kinachopita kwenye malisho ya Shangazi Mintonia, kama kila mtu anavyomwita, mjane wa mchungaji Zoseppe. Lango la Shangazi likifungwa, mzunguko umekatika. Wageni watalazimika kupita barabara ya lami pamoja na malori, na hakuna mtu anayetoka mbali kuja kuvuta moshi wa lori.

Majira ya machipuko ya mwaka jana, Shangazi alimwita.

"We mwana wa Bainzu," alimwambia, akiwa amesimama langoni na fimbo yake. "Watu wako wanapita kimya kama majambazi. Kondoo wanakula, mara, fyuu! Mtu huyo mgongoni kwao. Mmoja kaharibu mimba kwa kushtuka. Mbwa nao wamekuwa wendawazimu. Mwezi wa tano ukiisha, natia kufuli."

"Shangazi, ukitia kufuli mimi nimekwisha."

"Bara kuna viwanda," alijibu Shangazi. "Kaka yako atakuonyesha njia."

Gonario anasema hakulala vizuri siku hizo. Alijiona ameshafunga karakana na kupanda meli. Ndipo akili ikamjia: kama shida ni ukimya, dawa ni kelele. Kondoo na mbwa wamezoea kengele za kondoo tangu kuzaliwa. Wakisikia kengele inakuja, watajua ni mambo ya nyumbani.

Akaburuta gunia la kengele kuukuu lililoachwa na baba yake, akafunga moja kwenye kila baiskeli. Wiki mbili mambo yakaenda kama maji. Mbwa waliinua vichwa, wakavilaza tena. Kondoo walisogea kando kwa heshima.

Siku ya wageni kutoka Torino, mji wa huko bara, kengele zilipungua. Gonario akazamisha mkono chini kabisa ya gunia, akatoa moja kubwa, nyeusi, ya kamba ya ngozi. Akamfungia daktari wa meno, mama mwenye miguu imara kama chuma aliyependa kuwa mbele.

"Ningekuwa na masikio ya baba, ningeiacha palepale," anasema.

Walipoingia malisho ya Shangazi, kondoo hawakusogea kando. Waliacha kula. Wazee wa kundi wakaanza kutembea, wengine wakafuata, na muda si muda kundi zima lilikuwa nyuma ya daktari wa meno. Yeye akageuka, akaona bahari ya sufu inamjia, akakanyaga pedali kwa nguvu. Kadiri alivyokimbia kengele ilizidi kulia, na kadiri kengele ilivyolia kondoo walizidi mbio.

Efisio, mlinzi wa ukuta wa bwawa, anakumbuka vizuri. "Nilikuwa nakunywa kahawa. Naona mama wa watu anakuja analia, 'Nisaidieni!' Nyuma yake kondoo, nyuma ya kondoo mbwa, nyuma ya mbwa wageni wa Torino wanapiga picha. Nikampigia simu Gonario. Nikamuuliza, 'Mwenzetu, uchungaji umeanza lini?'"

Gonario hakucheka siku hiyo. Alijua amejichimbia kaburi. Alikwenda mbio, akamvua daktari kengele, akaifunga kwenye baiskeli yake, akaanza kurudi taratibu, kundi zima nyuma yake likimfuata kwa adabu. Njia nzima alikuwa akitunga maneno ya kuomba radhi.

Shangazi Mintonia alikuwa amesimama langoni. Hakuwa na fimbo. Hakuwa hata na kitambaa kichwani, na hapa kwetu mwanamke wa umri wake hatoki nje hivyo.

"Hiyo kengele umeitoa wapi?" aliuliza.

"Kwenye gunia la baba, Shangazi. Nisamehe, sikujua…"

"Ya Zoseppe hiyo."

Hapo ndipo Gonario alipoelewa. Ilikuwa kengele ya kondoo dume kiongozi, ile ambayo mchungaji hamwazimi mtu hata ndugu yake wa tumbo moja. Zoseppe aliileta kwa Bainzu irekebishwe, na kabla ya kuifuata moyo wake ukasimama, huko huko mlimani. Bainzu naye hakumaliza mwaka. Kengele ikabaki guniani miaka minne, na Shangazi akaamini imepotea porini siku ile ya msiba.

"Nilikuwa jikoni," Shangazi Mintonia anasimulia sasa, amekaa kizingitini kwake. "Nikaisikia inatoka upande wa pili wa maji. Nikaweka sahani mezani. Mbili. Unanielewa? Nikaweka sahani mbili, halafu nikakumbuka."

Anafuta macho kwa ncha ya kitambaa, wala hajifichi.

Anasema kwa miaka arobaini Zoseppe alirudi na kengele ile jioni, na kila siku, awe amewahi au hakuwahi, Shangazi alimpokea kwa neno moja: "Umechelewa." Naye Zoseppe alijibu kwa maneno mawili: "Waulize kondoo." Hawakuwa watu wa kuambiana mengine mbele ya majirani, anasema, lakini hayo yaliwatosha.

Gonario alimpa kengele yake palepale. Shangazi aliipokea, akaipapasa, kisha akamrudishia.

"Niitundike ukutani niitazame? Kengele haitazamwi, mwana wa Bainzu. Na mimi magoti yamekufa, siwezi kuteremka kuwakusanya. Kila Jumamosi jioni pita nayo, uwarudishe. Mgeni asiiguse."

"Na lango, Shangazi?"

"Lango gani? Umeona kufuli hapa?"

Tangu hapo Gonario ni mchungaji wa Jumamosi asiye na mshahara, ila kwa jibini na masimango. Shangazi humwambia anaendesha kama mtu anayekwenda kulipa kodi. Yeye humwambia kondoo wake ni wanene kuliko sheria inavyoruhusu.

Wageni nao wamezipenda kengele kiasi cha kutaka kuondoka nazo, na gunia la Bainzu linakaribia kuisha. Ndiyo maana Gonario ana mpango. Kabla ya baridi anataka kushona ngozi mpya kwenye mvukuto na kuwasha tena moto wa baba yake. Amejaribu kwa moto wa kuazima kwa jirani, ametengeneza kengele saba, zote zinalia kama sufuria.

"Siku moja nitatengeneza moja ambayo hata mimi nitajua ni ya nani," anasema. "Nikifika hapo, baba atakuwa amenisamehe."

Jumamosi hii jioni wageni wameshaondoka. Gonario anaifunga kengele nyeusi kwenye usukani wake na kuingia njia ya changarawe. Upande wa pili wa bwawa kondoo wanaacha kula. Anapunguza mwendo ili wale wazee wamfikie, na pamoja wanazunguka maji, kengele ikilia kila tairi linaporuka jiwe.

Kwenye kona ya mwisho, taa ya jikoni inawaka juu kule. Mlango unafunguka.

"Umechelewa!" sauti inapaa.

Gonario anaacha kukanyaga pedali. Jibu analijua. Shangazi mwenyewe alimfundisha, bila kukusudia. Lakini lile si jibu lake, na halitamki. Anatikisa usukani, kengele inalia mara moja, halafu tena.

Juu kule mlango unasukumwa wazi kabisa.

"Haya, waingize," anasema Shangazi Mintonia. "Supu inapoa."