Wilkapu ya Nne

Mbuke hakujua kukaa. Ukimwekea kigoda, anakigeuza kianikio cha vitambaa. Hata kanisani alisimama kabla padri hajamaliza kutubariki. Mimi ni jirani yake hapa Tinde tangu tukiwa wasichana, na kumtazama tu kunachosha.

Mumewe Januari, aliyejifunza kazi gereji moja kule Mwadui, alipofariki alimwachia kibanda na kazi ya kuvisha vyuma ngozi mpya. Mwanzoni mwa miaka ya themanini vipuri vilikuwa hadithi. Mwenye gari alifufua cha zamani. Mbuke alikwangua kutu, akasugua kwa majivu, akazamisha chuma kwenye beseni la siki na chumvi. Waya mmoja wa betri ya gari aliufunga kwenye chuma, mwingine kwenye maganda ya zinki ya betri za tochi. Maganda yanaliwa, chuma kinavaa.

Shemeji yake Maige alikitaka kibanda kwa ajili ya mbuzi. Wazee wa ukoo wakasema: Mbuke azivishe wilkapu nne, vifuniko vya magurudumu ya Pijo ya Thobias mwenye duka; Thobias akizikataa, kibanda ni cha Maige. Wiki hiyo Mbuke alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Zikatoka tatu, safi. Ya nne ilikuwa imesuguliwa, inangoja beseni, Maige akaingia ametoka kula, samli mpaka viganjani.

"Shemeji, hiyo usiishike. Mafuta yakigusa, zinki haishiki."

"Kwani ni hostia ya padri?"

"Wewe hata hostia hujaizoea. Acha."

Maji yalikuwa yamekwisha, na Mbuke si mtu wa kungoja. Akachukua ndoo akatoka mbio. Aliporudi Maige hayupo, wilkapu ipo pale pale. Akaizamisha.

Alipoiopoa, katikati palikuwa na kiganja cheusi, vidole vyote vitano. Kabla hajasema neno, Pijo ikapiga honi nje. Thobias akashuka, na Maige nyuma yake, kama aliyeitwa.

"Shikamoo, mzee," Mbuke akasema.

"Marahaba, Mama Kamili. Hii nini tena?"

"Si niliwaambia," Maige akadakia. "Kazi ya wanaume hii."

Mbuke akaisogeza wilkapu mwangani. Aliweka mkono wake juu ya lile doa. Likauzidi pande zote. Thobias akaweka wake, ukapwaya.

"Shemeji, na wako."

Maige akaficha mikono kwapani, kama mtu aliyeshikwa na baridi, na jua lile la saa sita.

Thobias alicheka mpaka akashika boneti. "Kazi sijaikataa. Nimekikataa kiganja. Nifungie hizi tatu, hiyo irudie."

Akaondoka na gurudumu moja uchi. Vumbi halijatua, Mbuke alikuwa amechuchumaa, majivu mkononi, anasugua.

"Sogea, shemeji," akasema bila kuinua kichwa. "Unaniziba mwanga."