Sosison mbele ya mama mkwe

Leo nimemshika mkono mama wa mchumba wangu asile chakula nilichomwandalia mwenyewe!

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuja kwetu, mtaa wa Bwiza. Nilipanga sahani kubwa ya fromaji, yaani jibini, na sosison, ile soseji kavu ya kukata vipande, ikapendeza kweli.

Mkono wake ulipofika kwenye sosison, nikakumbuka: huyu mama ni Muislamu, na mi sikuuliza ile nyama ni ya nini.

Nikamshika mkono. "Mama, ngoja! Sijui kama ni nguruwe."

Mchumba wangu akaangalia chini.

Nikampigia simu muuzaji wa mtaa wa Rohero aliyeniuzia, wote wakisikia.

"Ni ng'ombe, dada. Imechinjwa kihalali."

Alhamdulillahi! (Mi Mkristo, lakini lilinitoka.)

Mama akacheka, akachukua vipande viwili.

"Kuanzia leo, kwako nitakula bila kuuliza."

Jamani! Nyinyi mungesema, ao mungenyamaza?