Jibu la Pili kuhusu Kashgar

Sogea karibu unisikilize, maana jambo lenyewe ni dogo na nisipolieleza taratibu litakupita. Linahusu adabu yetu ya kujibu "nzuri" kila tunapoulizwa habari, na jinsi ilivyokaribia kumrudisha rafiki yetu mikononi mwa polisi wa kwao.

Katika miaka ya tisini nilikuwa nimemaliza masomo na kupata kazi katika maabara ya hospitali huko Maplewood, Marekani. Mimi na mke wangu tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba moja mtaa wa Frogtown, katika mji jirani wa Saint Paul. Mimi ni wa Tanga, yeye ni wa Mombasa, kwa hiyo hatukukosa la kubishania jikoni. Msikitini nikafahamiana na mwanafunzi wa chuo kikuu aliyetoka Kashgar. Alikuwa wa jamii ya Uighur, Waislamu wa magharibi ya mbali ya China, wenye lugha yao na chakula chao cha heshima: tambi zinazovutwa kwa mkono mpaka ziwe ndefu na nyembamba. Jumamosi alikuja kwetu kuzivuta. Mke wangu akawa anamwita shemeji, naye akalishika neno hilo kuliko Kiswahili chochote tulichomfundisha. Mengine tulizungumza kwa Kiingereza.

"Shemeji," mke wangu alimwambia siku moja alipomwona amejaa unga hadi kwenye nyusi, "kwenu wanaume wote wanapika, au wewe umefukuzwa kwa sababu hiyo?"

"Wote," akasema. "Ndiyo maana wanawake wetu hawahami."

Mke wangu akanigeukia. "Umesikia, baba?"

Kicheko hicho kilipungua majira ya baridi yalipoingia. Huko Kashgar, kaka wa rafiki yetu alikuwa katika kikundi cha vijana wa mtaa waliokutana kupiga muziki na kuonyana waache pombe. Serikali ikapiga marufuku mikutano hiyo, kaka akakamatwa. Rafiki yetu alilisema jambo hilo hadharani chuoni kwake, na haikupita muda polisi wakaenda kwa wazazi wake kuuliza yule mdogo aliyeko Marekani atarudi lini. Masomo yake yalikuwa yanakwisha, na kibali chake cha kukaa kingekwisha pamoja nayo.

Hapa nikueleze kidogo sheria, usiiogope. Mtu hapaswi kurudishwa kwa nguvu mahali atakapoteswa kwa ajili ya dini yake, kabila lake au maoni yake. Anaweza kuomba hifadhi. Lakini lazima akaeleze kwa mdomo wake mbele ya afisa wa uhamiaji, na afisa huyo hajawahi kufika Kashgar. Anachokijua ni kile anachoambiwa.

Rafiki yetu akaomba, na wakili wake, mama wa makamo aliyejitolea bila malipo, alikuja jikoni kwetu Jumamosi moja ili mteja wake afanye mazoezi ya mahojiano mahali alipozoea. Mimi nikapewa kazi ya kuwa afisa. Nikavaa tai.

"Afisa gani huyu ananuka kitunguu?" mke wangu akasema.

Nikaanza kiungwana. "Habari za familia yako?"

"Nzuri, Mungu ashukuriwe."

"Wazazi?"

"Wazima."

"Na kaka yako?"

"Hajambo."

Nikaenda kwenye swali jingine. Wakili akaweka kalamu chini.

"Ngojeni. Kaka yake si yuko gerezani?"

"Ndiyo," tukajibu sote watatu.

"Sasa mbona amesema hajambo, na wewe umepita tu?"

Kusema kweli, sikuwa nimesikia kosa lolote. Nikamweleza siku binamu yangu aliponipigia simu kutoka Tanga. Nilimuuliza habari, akasema nzuri. Tukaulizana kazi, afya, watoto, vyote vizuri. Ndipo akaniambia mama ametutoka. Hakunidanganya. Alinipa muda wa kukaa chini.

Wakili alisikiliza mpaka mwisho. "Naelewa. Lakini afisa anaandika. Akiandika kwamba kaka hajambo, kisha baadaye aambiwe amefungwa, ataona moja kati ya hayo ni uongo. Na akiona hivyo anaweza kumnyima."

Rafiki yetu aliitazama mikono yake. "Kwetu pia ni hivyo. Nikianza na mabaya, nitakuwa kama ninamlalamikia mtu nisiyemjua. Mama yangu angeona aibu."

"Shemeji," mke wangu akasema, sasa bila mzaha, "mama yako anataka adabu yako, au anakutaka wewe?"

Rafiki yetu aliufunika unga uliokandwa kwa kitambaa, akakaa mbele yangu. "Niulize tena."

Nikamuuliza tena na tena, chai ikapoa. Kila mara "nzuri" ilimtoka kabla hajafikiri. Mwishowe mke wangu akapata njia: "Ile salamu usiiache. Iseme moyoni, uimalize, halafu ndiyo ufungue mdomo."

Siku ya mahojiano nilimpeleka yeye na wakili wake kwenye ofisi ya uhamiaji, Bloomington, nikasubiri kwenye benchi la ukumbini. Alipotoka akatangulia garini. Tulipofika darajani, tukirudi Saint Paul, ndipo akazungumza.

"Aliniuliza kama nyumbani ni wazima. Nikanyamaza, nikamaliza salamu moyoni. Akadhani sijasikia. Kisha nikamwambia: kaka yangu amefungwa, wazazi wangu wanahojiwa, nami nikirudi nitakamatwa. Sijawahi kumjibu mtu hivyo. Nimejiona sina adabu."

"Leo umefanya vizuri kuikosa," nikamwambia. Akacheka kidogo, akageukia dirishani.

Jibu lilikuja theluji ikiyeyuka. Jumamosi hiyo alipanda ngazi zetu na nyama ya kondoo mkononi.

"Habari, shemeji?" mke wangu akamuuliza.

"Nzuri."

Tukasubiri. Akavua viatu, akaketi, akapokea chai. Ndipo akasema kwamba amepewa hifadhi, hatarudishwa, na kwamba kaka yake bado yuko ndani. Mke wangu alimshika bega, kisha akabandika maji ya tambi jikoni.

Kwa hiyo, ukimsindikiza mtu anayeomba hifadhi, kaa naye kabla ya siku ya mahojiano, mahali alipozoea. Muulize habari za nyumbani. Akisema nzuri, mshukuru, kisha muulize tena, na mara hii usiseme neno mpaka amalize.