Picha za Kumtumia Daktari wa Ngozi

Mdogo wangu anapiga picha za vitambulisho, mimi nazikata kwa mkasi na kuzitia kwenye bahasha. Duka letu ni chumba kimoja tu: shuka jeupe ukutani, stuli, taa mbili, na kompyuta kwenye kona. Wateja wanamwita Fundi. Wanampenda kwa sababu hakuna anayetoka pale na uso mbaya. Kabla picha haijaenda kwenye printa, Fundi anapitisha kipanya mara mbili tatu, na kipele, doa, weusi wa chini ya macho, vyote vinakwenda zao. Huku anakuuliza hali ya nyumbani.

Uso wake mwenyewe ulikuwa habari nyingine. Chunusi za ujana nazijua, nilikuwa nazo, zilikuja zikaondoka bila kuaga. Hizi zake zilimkuta mtu mzima wa miaka ishirini na sita: vinundu vigumu vya ndani, vyekundu, vingine vina usaha, kuanzia mashavuni hadi chini ya taya. Vilimuuma hata akiegemea mto. Kikipona kimoja kinaacha shimo. Mama alisema ni uchafu, akamletea sabuni ya kusugulia. Shangazi akasema ni vyakula vya mafuta. Mimi, na naona haya kulisema, nilimshauri apake dawa ya meno. Akapaka. Ngozi ikababuka, vinundu vikabaki palepale.

Daktari wa ngozi hufika hospitali yetu kila baada ya miezi mitatu. Ni mama mmoja wa maneno machache.

"Hukujiletea mwenyewe ugonjwa huu," alimwambia. "Wala si uchafu. Vinyweleo vinaziba, mafuta yanakwama humo, kisha chini kabisa panavimba. Acha kusugua. Acha kuminya."

Akampa vidonge na dawa ya kupaka, akamwonya kwamba zinataka wiki nane hadi kumi na mbili, asikatize. Kila mwezi amtumie picha kwa simu. "Nikiona hazisaidii, hatutangoja. Ipo dawa kali zaidi, ila lazima tupime damu kwanza. Makovu yakishaingia, kuyatoa ni shughuli."

Basi hapo ndipo tulipochanganyikiwa. Mwezi wa kwanza Fundi alituma picha, jibu likaja: "Vizuri, naona mabadiliko. Endelea." Mwezi wa pili: "Vizuri sana!" Na mimi nikimtazama mezani wakati wa kula, nilikuwa naona vinundu vimeshuka hadi shingoni. Nikajiambia labda ni macho yangu. Labda daktari anaona kitu ambacho sisi wengine hatukusomea. Mama akasema daktari gani huyo, anatibu kwa kusifia. Shangazi akasema mtoto hamezi vidonge. Fundi akaapa anameza, na alikuwa anameza kweli, nilikuwa navihesabu kwa siri.

"Dada, au ndiyo kupona kwenyewe huku?" aliniuliza asubuhi moja mbele ya kioo.

Mwezi wa tatu, kama kawaida, alikaa kwenye stuli mimi nikabonyeza kamera, kisha akahamia kwenye kompyuta. Nilisimama nyuma yake na mkasi wangu. Alikuwa ananisimulia kisa cha mteja aliyetaka kupigwa picha na kofia, tunacheka, na mkono wake unatembea.

"Wewe!" nikamkemea. "Unafanya nini?"

"Nini?"

"Mkono wako!"

Akautazama mkono kama wa mtu mwingine. Kwenye skrini shavu moja lilikuwa laini kabisa. La pili lilikuwa bado lake.

Tukafungua zile picha mbili za mwanzo. Zote safi.

"Sikukusudia," alisema. "Wallahi, dada. Nikiona uso, mkono unakwenda wenyewe." Kisha, polepole: "Au nilikusudia? Hata sijui." Nami mpaka leo sijui. Nilipandwa na hasira, lakini nilipotafuta zimwangukie nani, hazikumwangukia yeye.

Akatuma picha ya tatu ilivyo, bila kuigusa. Tulikaa tukiitazama simu. Jibu likaja: "Samahani, huyu ni mgonjwa gani?"

Nilitaka kumpokonya simu nijibu mimi. Akauvuta mkono wake, akaandika: "Ni mimi, daktari. Zile za kwanza nilizisafisha."

Kisha: "Pole sana. Kesho nipo hospitalini kwenu, njoo asubuhi upimwe damu, tunabadilisha dawa. Lete na picha hiyo, nataka iwe kwenye faili lako."

Fundi alilia, akafuta machozi kwa kugusagusa tu, maana uso ulikuwa unauma. Halafu akaichapa ile picha, nakala nne, akanisogezea karatasi.

"Nikatie na hizi, dada."

Nikashika mkasi. Picha za mwezi wa kwanza na wa pili nilizipiga mimi. Alinionyesha zote mbili kabla ya kuzituma, nami nikasema, "Hii ndiyo yenyewe, umetoka vizuri." Nikaanza kukata, taratibu, nikiutazama uso wa mdogo wangu.